Magari ya Kale Yasiyokarabatiwa na Maonyesho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wenye magari ya kale huulizana kila msimu wa maonyesho unapokaribia, hasa wale ambao magari yao hayajawahi kukarabatiwa na yana kasoro zinazoonekana wazi. Yameanza na mambo ya msingi, yakaishia na yale yenye utata. Pale ambapo jibu linategemea maelezo yaliyotolewa kwingine, msomaji ataelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Gari huhesabiwa kuwa la kale likiwa na umri gani?

Inategemea anayehesabu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka 1966, linataka gari liwe na umri wa angalau miaka 30, litunzwe katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe chombo cha safari za kila siku. Chama cha AACA cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1935, kinapokea magari kuanzia miaka 25. Waandaaji wengine huweka kipimo chao, kwa hiyo soma masharti ya maonyesho unayoyalenga kabla ya kulipa ada.

Nchini Kenya, ambako kwa kawaida hairuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe, magari mengi ya umri huu yameishi nchini kwa muda mrefu. Hiyo ni bahati kwa mwenye gari, kwa sababu mara nyingi historia yake inaweza kufuatiliwa kwa wamiliki waliotangulia na kwa mafundi walioligusa, wengine wakiwa bado hai.

2. Kuna tofauti gani kati ya gari lililohifadhiwa, lililokarabatiwa na lililotelekezwa?

Gari lililohifadhiwa ni lile ambalo sehemu zake kubwa, yaani rangi, viti, vioo, injini na vifaa vidogovidogo, ni zilezile zilizotoka kiwandani au zilizowekwa wakati wa maisha yake ya kazi, na ambalo limetunzwa ili lisiharibike zaidi. Gari lililokarabatiwa limefunguliwa, likanyooshwa, likapakwa rangi na kushonewa viti upya ili lirudi katika sura ya zamani. Mkataba wa Turin, uliopitishwa na FIVA mwaka 2012, unatenganisha kazi hizi na kushauri kwamba kuhifadhi kutangulie, ukarabati ufuate pale tu unapohitajika.

Gari lililotelekezwa halimo katika makundi haya mawili. Lililoachwa chini ya mwembe kwa miaka 20 huku maji yakiingia kupitia dirishani halijahifadhiwa, hata kama hakuna fundi aliyeligusa. Tofauti hii husahauliwa mno, na ndiyo chanzo cha mabishano mengi kwenye maonyesho: mmoja anasema gari lake ni halisi, mwingine anaona uchafu tu, na pengine wote wawili wana hoja.

3. Kwa nini mtu alete kwenye maonyesho gari lenye rangi iliyopauka na kiti kilichochanika?

Kwa sababu gari hilo lina habari ambazo lililokarabatiwa limeshazipoteza. Katika gari ambalo halijafunguliwa mtu anaweza kuona rangi ilipulizwa unene gani, fundi wa kiwandani aliishia wapi alipopulizia sehemu zisizoonekana, mshono wa kiti ulipita upande gani, boliti zilikuwa na rangi ipi, na alama za chaki au penseli walizoacha wakaguzi. Msasa ukishapita, habari hizo hazirudi. Anayekarabati gari la aina hiyohiyo kwa makini hulazimika kumtafuta mwenye gari ambalo halijaguswa, ili apate mfano wa kufuata.

Wapenzi wa magari wana msemo wao kwamba gari hukarabatiwa mara nyingi lakini huwa halisi mara moja tu. Msemo huo umetumiwa hadi ukachakaa, na wapo wanaoutumia kutetea uvivu. Hata hivyo, hoja iliyomo ni ya kweli.

4. Je, gari ambalo halijakarabatiwa linaweza kushinda tuzo kubwa?

Ndiyo, ingawa imechukua muda mrefu. Mashindano ya umaridadi wa magari ya kale ya Pebble Beach huko California, yaliyoanza mwaka 1950, ni miongoni mwa yanayotazamwa zaidi duniani, na kwa miongo kadhaa kikombe chake cha juu kilikwenda kwa magari yaliyong'arishwa hadi kila boliti. Kundi maalumu la magari yaliyohifadhiwa lilianzishwa pale mwaka 2001. Mnamo Agosti 2024, kwa mara ya kwanza, gari kutoka kundi hilo lilitwaa kikombe cha juu: Bugatti Type 59 ya mwaka 1934, gari la mbio lililoshinda Grand Prix ya Ubelgiji mwaka huohuo kabla ya kuingia mikononi mwa Mfalme Leopold III wa Ubelgiji.

Linalofundisha zaidi kuhusu gari hilo ni rangi yake. Lilipokuwa mbioni lilikuwa la buluu, rangi ya magari ya Ufaransa. Nyeusi yenye mstari wa njano iliwekwa kwa ajili ya mfalme. Wenyewe waliiacha nyeusi hiyo, pamoja na mikwaruzo yake, badala ya kulirudisha kwenye buluu ya kiwandani, na waamuzi wakakubaliana nao. Swali la 16 linalichukua jambo hili kwa upana.

## Maonyesho na waamuzi

5. Je, maonyesho yote hutumia kanuni moja?

Hapana, na kutojua hili ndiko kunakowaudhi watu. AACA huanza na alama 400 na kupunguza kwa kila kasoro. Kipimo chake ni hali ambayo muuzaji angeweza kulikabidhi gari kwa mteja siku lilipokuwa jipya. Gari lililopauka haliwezi kufua dafu katika kipimo hicho, na kwa sababu hiyo chama hicho kina kundi jingine la magari yenye sehemu zake za asili, ambako uchakavu wa haki si kosa. Pebble Beach hutazama usahihi wa kihistoria pamoja na uzuri wa umbo, na magari hutakiwa kuingia uwanjani kwa nguvu ya injini zao wenyewe, hivyo mamia ya watazamaji huamka alfajiri kuyalaki.

Karibu na nyumbani, mashindano ya Africa Concours d'Elegance hufanyika Nairobi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Hapo waamuzi huchungulia hadi uvungu wa gari, na usafi huwa na uzito mkubwa. Mwenye gari ambalo halijakarabatiwa aende akijua kwamba rangi iliyopauka itamgharimu alama. Tunashauri aende vilevile. Gari lenye uvungu safi, injini isiyovuja na taa zote zinazowaka hupata alama nyingi kuliko wengi wanavyodhani, na alama hizo hazihitaji rangi mpya.

6. Gari langu ni la kawaida tu, si Ferrari wala Bugatti. Lina nafasi?

Lina nafasi, na pengine kubwa kuliko ya gari la kifahari. Uingereza kuna tamasha liitwalo Festival of the Unexceptional, lililoanza mwaka 2014, ambalo huwakaribisha wenye magari yaliyokuwa ya kila mtu na ambayo hakuna aliyefikiria kuyatunza. Austin Allegro yenye viti vyake vya kitambaa cha kahawia huvuta umati pale, kwa sababu zilitengenezwa kwa maelfu na zikaishia kwenye vyuma chakavu.

Kwetu hali ni hiyohiyo. Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na nchini Kenya iliendelea kuunganishwa hadi mwaka 2004. Zilibeba abiria, mizigo, wagonjwa na maharusi. Kwa kuwa zilikuwa za kazi, zilipakwa rangi upya kila zilipogongwa na kufungwa vipuri vyovyote vilivyopatikana, kwa hiyo 504 yenye rangi yake ya kwanza, kofia zake za magurudumu na zulia lake la kiwandani ni adimu sana. Mwenye nayo asidanganyike kwamba ana gari la bei rahisi ambalo halina wa kulitazama.

7. Je, nilioshe gari kabla ya maonyesho, au niliache na vumbi lake?

Lioshe. Mtindo wa kuacha vumbi ulipata nguvu baada ya mnada wa Paris wa Februari 2015, ambako mkusanyo wa magari ya mfanyabiashara Mfaransa Roger Baillon uliuzwa ukiwa na vumbi lilelile la mabanda ulimokutwa, katika shamba moja magharibi mwa Ufaransa. Gari lililong'ara zaidi kwa bei, Ferrari 250 GT California Spider ya mwaka 1961 iliyowahi kuendeshwa na mwigizaji Alain Delon, lilinunuliwa kwa zaidi ya yuro milioni 16. Tangu hapo baadhi ya wauzaji hudhani vumbi lina thamani.

Vumbi halina thamani yoyote ya kihistoria isipokuwa siku moja, siku ya kupiga picha za kuonyesha jinsi gari lilivyokutwa. Baada ya picha hizo, vumbi hushika unyevu, unyevu hushika chuma, na kinyesi cha popo au ndege hula rangi hadi kwenye bati. Osha kwa mkono, kwa maji na sabuni laini. Mashine ya maji yenye kasi kubwa iache, kwani hubandua rangi iliyolegea na kusukuma maji ndani ya milango.

8. Waamuzi wa magari yaliyohifadhiwa hutazama nini?

Hutazama kama uchakavu unakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Gari lililosafiri sana huwa na ukingo wa kiti cha dereva uliolika upande wa mlango, raba ya pedali ya klachi iliyosagika, usukani uliolainika mahali pa mikono, na boneti iliyopauka kuliko milango kwa sababu ya joto la injini na jua. Odometa ikisema kilomita elfu 30 huku raba za pedali zimeisha, mwamuzi atauliza. Atauliza vilevile ikiwa raba ni mpya na odometa inasoma laki tatu.

Baada ya hapo hulinganisha namba: ya chasisi, ya injini, na tarehe zilizochapwa kwenye vioo, mikanda na matairi. Kioo kimoja chenye chapa tofauti si dhambi, maana mawe ya barabarani hayachagui gari. Kinachotakiwa ni mwenye gari ajue na aseme. Mwisho hutazama nyaraka: kadi ya gari, kitabu cha matengenezo, risiti za gereji, bima za zamani, picha za familia zenye gari nyuma yake. Katika kundi hili bahasha ya karatasi zilizokunjamana huweza kuwa na uzito kuliko siku nzima ya kupiga polishi.

9. Niweke bango la maelezo?

Weka, na liwe fupi: mwaka, mahali gari lilipouzwa mara ya kwanza, wamiliki kwa mpangilio, na orodha ya vitu vilivyobadilishwa. Orodha hiyo ya mwisho ndiyo inayojenga imani. Mwandishi wa bango anayedai kwamba gari lenye miaka 50 halijabadilishwa kitu chochote, hata feni belti, huwafanya watu watafute uongo.

10. Watazamaji husema gari langu "linahitaji rangi". Nijibuje?

Kwa upole. Wengi wao wamelelewa na imani kwamba gari bovu ndilo lenye kutu na gari zima ndilo linalong'aa, na imani hiyo haikutoka hewani. Kwa gari la kazi, rangi iliyobanduka ni mwanzo wa hasara. Waonyeshe sehemu moja, kwa mfano mshono wa kiti au rangi iliyo ndani ya buti ambako jua halikufika, na uwaeleze ingepotea vipi. Mzee aliyewahi kuendesha gari la aina hiyo hahitaji maelezo yoyote, na huenda yeye akakueleza mambo usiyoyajua.

## Utunzaji wa gari lisilokamilika

11. Rangi ya zamani iliyopauka inaweza kufufuliwa bila kupaka upya?

Mara nyingi ndiyo, ikiwa ni rangi ya tabaka moja, yaani isiyo na tabaka la juu la uwazi. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1980 yalipakwa hivyo. Rangi hizo hugeuka kuwa kama unga juu, lakini chini ya unga huo rangi hai bado ipo. Anza na sehemu iliyojificha, tumia polishi iliyo laini kuliko zote ulizo nazo, fanya kwa mkono, na usishtuke kitambaa kikishika rangi ya gari. Ndivyo rangi za aina hii zilivyo. Kingo na mikunjo ya bodi iguse kwa tahadhari kubwa kwa sababu hapo rangi huwa nyembamba zaidi. Mahali ambapo rangi ya msingi imeanza kuonekana, acha polishi, paka nta tu.

Rangi yenye tabaka la uwazi ni habari nyingine. Tabaka hilo likianza kubanduka hakuna polishi itakayolirudisha, na mwenye gari atachagua kati ya kuliacha lilivyo na kupaka upya sehemu hiyo.

12. Kutu ipi iachwe na ipi ishughulikiwe?

Kutu ya juujuu iliyo kwenye bati nene, isiyochimba, inaweza kuzuiwa kwa dawa ya kugeuza kutu au kwa nta inayopakwa mara kwa mara, na sura yake ikabaki. Kutu iliyo kwenye sehemu zinazobeba gari haina mjadala: chasisi, sakafu, vizingiti vya milango, mahali shokomzoba na springi zinapofungwa, na mahali pa kuweka jeki. Hizo zigongwe kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, fundi wa kuchomelea aitwe kabla ya kitu kingine chochote.

Wenye Land Rover wawe macho zaidi. Gari hilo lilipooneshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa kimebanwa baada ya vita, lakini chasisi ilikuwa ya chuma. Matokeo yake ni kwamba bodi yenye mikwaruzo ya kupendeza na isiyo na kutu hata kidogo inaweza kuwa imekaa juu ya chasisi iliyooza. Tazama pia unga mweupe mahali alumini inapokutana na chuma. Huo ni ulikaji unaoendelea.

Kwa walio pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, hewa ya chumvi hufanya kazi usiku na mchana. Suuza uvungu kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari ya kando ya bahari, na usilifunike gari kwa turubai la plastiki, ambalo hufungia unyevu ndani. Kivuli chenye hewa kinatosha.

13. Fundi ameniambia anipulizie tabaka la uwazi juu ya kutu na rangi ya zamani ili sura ibaki hivyohivyo. Nikubali?

Tusingekubali. Tabaka hilo hushikilia unyevu uliokwisha kuingia, hubanduka vibaya, na kuliondoa ni kuondoa pia kile ulichotaka kukilinda. Kazi yoyote kwenye gari lililohifadhiwa iwe inayoweza kutenguliwa na atakayekuja baada yako. Nta hutenguliwa; tabaka la rangi halitenguliwi.

14. Viti vimechanika. Nishone upya?

Shona palipochanika, usibadilishe kiti kizima. Fundi mzuri wa viti anaweza kuweka kitambaa chini ya mpasuko, akagundisha au kushona kwa uzi wa rangi ileile, na kuongeza sponji bila kutoa ngozi ya nje. Ngozi halisi isafishwe kwa kitambaa kilichokamuliwa na sabuni laini, kisha ipakwe dawa ya ngozi kidogo kidogo. Kuilowesha kwa mafuta huifanya ivimbe na kuoza kwenye mishono. Ikiwa huna budi kubadilisha, tunza kile cha zamani kwenye gunia kavu. Hakikosi thamani.

15. Je, kubadilisha matairi, breki na vitu vya usalama kunaharibu uhalisi?

Hapana, na waamuzi wenye busara hawakati alama kwa hilo. Hili ndilo eneo pekee ambalo hatuna subira na watetezi wa uhalisi. Tairi huzeeka hata likiwa limesimama. Yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 huwa na tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka 10 halifai barabarani hata kama kashata zake ni nzima, na lenye nyufa ubavuni halifai hata kabla ya hapo. Ukitaka kuonyesha matairi ya zamani, yafunge uwanjani baada ya kufika juu ya lori.

Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani, kwa hiyo yabadilishwe takriban kila miaka miwili, na mipira ya breki yenye umri wa gari ibadilishwe yote. Kuhusu petroli, mafuta yenye risasi yaliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na risasi hiyo ilikuwa ikilinda viti vya valvu, yaani sehemu ambazo valvu hukalia zinapojifunga, katika injini za zamani. Pima nafasi za valvu mara kwa mara. Zikiwa zinajifunga haraka, panga kuweka viti vya valvu vilivyo vigumu zaidi siku silinda hedi itakapofunguliwa. Hakuna mwamuzi atakayeviona. Mikanda ya kiti nayo ifungwe, lakini kwenye sehemu za chuma zilizoimarishwa, kamwe si kwenye bati la sakafu.

## Mambo yenye utata

16. Gari langu lilipakwa rangi upya mwaka 1975 na mmiliki wa pili. Bado linahesabika kuwa halijakarabatiwa?

Kwa kanuni kali, rangi hiyo si ya asili, na bango lako liseme hivyo. Lakini rangi yenye umri wa nusu karne imekuwa sehemu ya maisha ya gari, kama ile nyeusi ya Bugatti katika swali la 4. Kuibandua ili kupaka "rangi sahihi" ni kubadilisha historia iliyokuwepo kwa nyingine ya kubuni, maana rangi ya mwaka huu haitakuwa ile ya kiwandani hata namba yake ikilingana. Ikiwa ni madigadi moja tu iliyopakwa baada ya ajali, jambo ni jepesi zaidi: iache, itaje, na usijaribu kuichakaza ili ilingane na nyingine.

17. Makovu ya Safari Rally yanyooshwe?

Yakiwa ya kweli, hapana. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na magari yaliyoyapa sifa, kama Peugeot 404 iliyoshinda mwaka 1963 na mara tatu mfululizo kuanzia 1966, au Datsun 240Z ya 1971 na 1973, yalikuwa karibu sawa na yaliyouzwa madukani. Bonde la mlango lililopatikana katika shindano linalojulikana, na linaloonekana kwenye picha ya wakati huo, ni ushahidi. Bonde lililopatikana mwezi uliopita kwenye maegesho ya duka ni bonde tu, na linaweza kunyooshwa bila majuto.

Tahadhari mbili. Timu za mashindano zilibadilisha milango, vioo na hata injini kila mara, kwa hiyo usitegemee namba zote zilingane. Na magari mengi yanayoshiriki mbio za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, yamejengwa upya kwa ajili ya mbio hizo. Ni magari mazuri, ila si ya kundi hili.

18. Ukongwe wa kutengenezwa hutambuliwaje?

Wapo wanaosugua rangi hadi bati, wakamwagia chumvi au asidi, kisha wakaita matokeo historia. Hutambulika kwa kuwa hauna sababu. Jua huunguza sehemu zinazotazama juu, si chini ya bampa. Mkono husugua karibu na kitasa, si katikati ya paa. Kutu ya kweli huanzia kwenye mikunjo na mashimo ya boliti, ilhali ya bandia husambaa sawasawa kama imepakwa, na kweli imepakwa. Anayefanya hivyo kwa kujifurahisha kwenye gari lake ana haki yake. Tatizo huanza anapoliuza.

19. Muuzaji anasema gari "halijaguswa". Nihakikisheje?

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, uipitishe kwenye bati lote la chuma. Isiponata, kuna puti chini ya rangi. Nyanyua raba za milango utazame kama kuna rangi ya pili chini yake. Fungua buti, toa tairi la akiba, linganisha rangi ya humo na ya nje. Tazama vichwa vya boliti za bawaba: boliti iliyowahi kufunguliwa huvunja rangi yake. Kisha rudia mambo yaliyotajwa katika swali la 8. Muuzaji akikataa usinyanyue zulia, rudi nyumbani na fedha zako.

20. Ni wakati gani ukarabati kamili ndio jibu sahihi?

Pale kilichobaki kisipotosha kuhifadhiwa. Gari lililopakwa rangi mara nne, lenye injini ya aina nyingine, viti vya gari jingine na sakafu ya bati la paa, halina uhalisi wa kulindwa; likarabatiwe bila haya, na likishakamilika liingie kwenye kundi la magari yaliyokarabatiwa. Vilevile pale muundo umeoza kiasi kwamba kulitengeneza salama kunalazimu kulifungua lote. Kabla ya kulifungua, piga picha za kila kona, hifadhi vipande vya rangi, kitambaa na waya, na uandike kila namba.

Kuna mfano mmoja unaokwenda kinyume na yote haya. Bugatti Type 22 Brescia ya mwaka 1925 ilizamishwa katika Ziwa Maggiore mwaka 1936 na kuopolewa Julai 2009, upande mmoja ukiwa umeliwa kabisa. Iliuzwa Paris mwaka 2010 kwa yuro 260,500, na mnunuzi wake, Peter Mullin, aliiweka kwenye jumba lake la makumbusho huko Oxnard, California, ikiwa vilevile ilivyotoka majini. Haikuwa na matumizi tena kama gari. Kulikarabati kungehitaji kutengeneza sehemu kubwa upya, na gari ambalo lingetokea lisingekuwa lile lililozama. Kwa gari ambalo mwenyewe anataka kuliendesha hadi uwanjani siku ya maonyesho, mfano huo hautumiki.